Simbilisi wa Maabara Wanaobanwa Kifua Kuliko Inavyotarajiwa: Kutafuta Chanzo katika Mazao ya Asidi za Mafuta

Mtu anayetaka kuchunguza njia za hewa za mnyama akiwa Bukavu, mashariki mwa Kongo, hana haja ya kuagiza wanyama kutoka mbali. Simbilisi, ambao wengi wetu tunawaita kobayi, wanafugwa katika kaya nyingi za Kabare na Walungu, mara nyingi jikoni, ambamo hula majani, maganda ya ndizi na mabaki ya mboga. Simbilisi huyohuyo ndiye ambaye watafiti wa pumu wamemtegemea kwa miongo mingi, kwa sababu misuli laini ya mapafu yake hujibana upesi na kwa nguvu. Lakini urahisi wa kumpata sokoni ndio pia unaozaa sehemu kubwa ya matokeo yasiyoeleweka, kwa kuwa mnyama anafika maabara akiwa na historia ambayo muuzaji hakuulizwa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mafundi wa maabara na wanafunzi wa tiba, wa mifugo na wa baiolojia wanaopima jinsi mazao ya asidi za mafuta, hasa prostaglandini, thromboksani na lukotrini, yanavyobadilisha unyeti wa njia za hewa, yaani wepesi wake wa kujibana. Nimeupanga kwa dalili, kwa sababu dalili ndiyo mtu anayokutana nayo kwanza. Msimamo wangu nautamka mapema: kabla ya kulaumu kemikali au mashine, uliza mnyama ametoka wapi, amekula nini, amepewa dawa gani, na sampuli yake ilikaa dakika ngapi mezani.

Mnyororo wa kukumbuka

Asidi arakidoniki ina kaboni 20 na vifungo maradufu 4, nayo hukaa ndani ya utando wa seli mpaka kimeng'enya kiitwacho fosfolipasi A2 kiikate na kuiachia. Ikishaachiwa, siklooksijenasi huigeuza kuwa prostaglandini na thromboksani A2, ilhali 5-lipoksijenasi huigeuza kuwa lukotrini. Lukotrini B4 huita neutrofili (seli nyeupe za damu zinazokimbilia penye jeraha au maambukizi), na lukotrini C4, D4 na E4 hubana misuli, huvujisha mishipa midogo ya damu na huongeza makamasi. Upande wa prostaglandini hauna tabia moja: D2, F2α na thromboksani A2 hubana, ilhali E2 mara nyingi hulegeza misuli na kuilinda. Asiyeishika tofauti hii atashindwa kueleza nusu ya dalili zinazofuata.

Simbilisi amekuwepo tangu mwanzo wa habari hii. Mwaka 1938, Feldberg na Kellaway walipitisha sumu ya swila katika mapafu ya simbilisi na wanyama wengine, wakaona kwamba majimaji yaliyotoka yalikuwa na kitu kilichobana misuli polepole na kwa muda mrefu kuliko histamini, kemikali ya mwili inayotoka wakati wa mzio. Mwaka 1979, Samuelsson na wenzake huko Stockholm walionyesha kwamba kitu hicho cha polepole ni lukotrini. Samuelsson, Bergström na Vane walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1982, Vane akiwa ndiye aliyeonyesha mwaka 1971 kwamba aspirini huzuia utengenezaji wa prostaglandini.

Dalili: kundi la kulinganishia linabanwa kwa dozi ndogo

Simbilisi aliyepewa maji ya chumvi pekee anapuliziwa histamini au methakolini (dawa ya kubana njia za hewa kwa ajili ya kipimo) kwa dozi ya chini kabisa, naye anaanza kukohoa, anavuta mbavu ndani, ananyoosha shingo na kuinua pua kutafuta hewa. Kundi la kulinganishia likifanya hivyo, tofauti yoyote kati yake na kundi lililopewa lukotrini haina maana, kwa sababu wanyama wote wameanzia juu.

Chanzo cha kwanza cha kushuku ni moshi. Mnyama aliyezaliwa na kukulia karibu na mafiga amevuta akrolini (gesi kali ya moshi) na chembe za masizi tangu siku ya kwanza. Moshi huumiza utando wa ndani wa njia za hewa na huvuta neutrofili, na neutrofili ni seli zinazotengeneza lukotrini B4 kwa wingi. Uhusiano kati ya kuumia huko na mazao ya asidi ya arakidoniki ulionekana wazi kwa mbwa waliovutishwa ozoni katika miaka ya 1980: unyeti wao uliongezeka pamoja na neutrofili, na ongezeko hilo la unyeti lilizuiwa na indometasini (dawa inayoziba siklooksijenasi), na pia na dawa inayozuia utengenezaji wa thromboksani. Kwa hiyo mwasho wa hewa peke yake, bila mzio wowote, unatosha kubadilisha mnyama wako. Weka wanyama wapya katika chumba kisicho na moshi kwa muda usiopungua wiki mbili, na usikubali mlinzi awashe mbabula yake chini ya dirisha lao.

Ili kuthibitisha, osha mapafu ya wanyama wachache kwa maji ya chumvi na uhesabu seli. Neutrofili wakiwa wengi, tafuta moshi au maambukizi. Eosinofili (seli nyeupe zinazohusishwa na mzio) wakiwa wengi, usikimbilie kuandika mzio, kwani simbilisi mzima wa afya huwa na eosinofili wengi katika mapafu kuliko panya wa maabara. Nimeona ripoti nyingi za wanafunzi zikijengwa juu ya kosa hili, na ni kosa linaloepukika kwa kuhesabu seli za wanyama wasioguswa kabla ya jaribio lolote.

Maambukizi yanayosumbua zaidi ni ya bakteria Bordetella bronchiseptica. Sungura anaweza kumbeba bila kuugua, naye simbilisi akapata nimonia. Sokoni wanyama hawa wawili huuzwa katika vikapu vinavyogusana, kwa hiyo swali la nani alikaa na nani si la udadisi. Angalia pua yenye majimaji, manyoya yaliyosimama na mnyama anayekaa pembeni peke yake. Mnyama wa namna hiyo asiingie katika jaribio, na sungura wasilale chumba kimoja na simbilisi.

Amonia ni rahisi kuigundua: ukiingia chumbani asubuhi kabla ya usafi na macho yakakuwasha, mapafu ya wanyama yamewashwa usiku kucha. Badilisha matandiko mara nyingi zaidi na ufungue njia ya hewa.

Vitamini C inastahili uangalifu wa pekee. Simbilisi, kama binadamu, hawezi kuitengeneza mwilini, naye huhitaji takriban miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Akiikosa, ulinzi wake dhidi ya vioksidishi hupungua, naye hupata kiseyeye: viungo huvimba, hasiti kulia akishikwa, na uzito hushuka. Jikoni kwa mfugaji alikuwa akiipata kwenye majani mabichi. Maabara inapomhamishia chakula cha punje kilichokaa ghalani miezi kadhaa, vitamini hiyo imekwisha kupotea hata kama imeandikwa kwenye mfuko. Endelea kuwapa majani mabichi yaliyooshwa, kwa kipimo kilekile kwa makundi yote.

Dalili: mnyama hajibu kitu

Hapa kinyume chake kinatokea: methakolini inapuliziwa hadi dozi ya juu na mnyama anaendelea kupumua kama kawaida. Uliza kwanza dawa za usingizi. Ketamini ndiyo inayopatikana kwa urahisi katika hospitali na kwa waganga wa mifugo wa Kivu, nayo hulegeza misuli ya njia za hewa. Gesi kama halothani na isoflurani hufanya hivyo pia. Tena wapo wanaotanguliza atropini ili kupunguza mate wakati wa upasuaji, bila kukumbuka kwamba atropini hufunga vipokezi vilevile ambavyo methakolini inavihitaji. Mnyama aliyepewa atropini hatajibu methakolini hata uimalize chupa. Ukimlaza mnyama, tumia dawa moja kwa makundi yote, kwa kipimo kimoja, na ungoje muda uleule kabla ya kupima.

Deksamethasoni iliyotolewa kwa ajili ya uvimbe hupunguza uachiliaji wa asidi arakidoniki, na diklofenaki au ibuprofeni iliyotolewa kwa maumivu huziba siklooksijenasi. Dawa hizi zote zinapatikana katika kila duka la dawa la Kadutu hapa Bukavu, na msaidizi mwenye huruma anaweza kumpa mnyama bila kuandika. Huruma hiyo ni njema na maumivu lazima yatulizwe, lakini iandikwe kwenye daftari.

Ikiwa anayekataa kujibu ni panya mdogo wa maabara na umempa histamini, tatizo si panya. Misuli ya njia zake za hewa hujibu serotonini na methakolini, bali histamini haiigusi sana. Lukotrini pia humbana kidogo tu akilinganishwa na simbilisi. Anayesoma makala kuhusu panya na kununua simbilisi, au kinyume chake, ajiandae kupata matokeo yasiyofanana na aliyoyasoma.

Hata hivyo, panya ametufundisha mambo makubwa kwa njia nyingine. Mwaka 1997 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba panya walioondolewa jeni la fosfolipasi A2 ya ndani ya seli, baada ya kuzoeshwa protini ya ute wa yai (yaani kufanywa wawe na mzio nayo), hawakupata unyeti mkubwa wa njia za hewa kama ndugu zao wenye jeni hilo.

Dalili: indometasini imezidisha mkazo badala ya kuupunguza

Hii ndiyo dalili inayowachanganya watu zaidi, nami naikalia kwa muda kwa sababu ndani yake mna somo lote la mazao haya. Mwanafunzi anafikiri hivi: prostaglandini ni vitu vya uvimbe, indometasini inazizuia, basi mnyama aliyezoeshwa protini ya yai akipewa indometasini atabanwa kidogo. Anapompulizia protini ile, mnyama anabanwa zaidi na kwa muda mrefu zaidi.

Sababu ni kwamba asidi arakidoniki ina njia mbili za kutokea kama bonde lenye mifereji miwili: ukiziba mmoja, maji yanaweza kuongezeka katika mwingine. Indometasini haigusi 5-lipoksijenasi, hivyo lukotrini zinaendelea kutengenezwa, na wakati huohuo prostaglandini E2 iliyokuwa ikilegeza misuli na kutuliza seli imeondolewa. Kinachobaki ni upande unaobana, bila mlinzi wake.

Lakini kuna hali ambapo indometasini hupunguza mkazo wa simbilisi, na tofauti ipo katika njia uliyoipitishia lukotrini. Lukotrini ikichomwa kwenye mshipa, sehemu kubwa ya mkazo unaofuata inatokana na thromboksani A2 ambayo mapafu yenyewe huiachia, kwa hiyo indometasini huizuia. Lukotrini ikivutwa kama ukungu, hugonga misuli ya njia za hewa moja kwa moja, na indometasini haiizuii. Kipande cha pafu kilichowekwa ndani ya maji ya Krebs (maji ya chumvi yanayoiga majimaji ya mwili) hufuata tabia ya kwanza, na kipande cha trakea (bomba kuu la hewa) hufuata ya pili. Kwa hiyo watu wawili katika meza mbili za maabara moja wanaweza kupata majibu yanayopingana na wote wawili wakawa sahihi.

Namna ya kupambanua ni kutumia vizuizi kwa hatua. Mpe mnyama mepiramini kwanza ili kuondoa sehemu ya histamini, ambayo kwa simbilisi aliyezoeshwa ni kali mno na inaweza kumuua kabla hujapima chochote. Kisha ongeza indometasini. Mkazo unaobaki, unaokuja polepole na kukawia kuondoka, ndio wa lukotrini kwa sehemu kubwa. Montelukasti, inayofunga kipokezi cha kwanza cha lukotrini hizi, ikiuondoa, hoja yako imesimama. Salbutamoli, inayofungua njia za hewa, iwe tayari mezani, na kiwango cha kusitisha jaribio kiandikwe kabla ya kuanza. Mnyama aliyeanza kuwa na ufizi wa buluu amekwisha kupita kiwango hicho.

Dalili: trakea haina mkazo wake wa asili, au maji ya Krebs yanageuka meupe

Trakea ya simbilisi iliyotundikwa vizuri hujikaza yenyewe baada ya muda, bila kupewa kitu. Mkazo huo wa asili unatunzwa na prostaglandini, na indometasini huuondoa. Ikiwa trakea yako imelegea tangu mwanzo, uliza kama mnyama alipewa dawa ya maumivu, au kama chombo kilitumika jana kwa indometasini na kikasuuzwa kwa maji tu. Indometasini haiyeyuki vizuri katika maji na hung'ang'ania plastiki na mipira; osha kwa etanoli kwanza. Ikiwa trakea inajibu kwa nguvu kupita kiasi, angalia kama utando wa ndani ulisuguliwa wakati wa kukata, maana utando huo ni chanzo cha prostaglandini E2, na ukitoka, ulinzi wake umetoka nao.

Kuhusu weupe wa maji, Bukavu ina sababu yake. Uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa mjini ni karibu milimita 640 za zebaki badala ya 760. Mchanganyiko wa gesi wenye oksijeni asilimia 95 na kaboni dioksidi asilimia 5 unatoa hapa kaboni dioksidi pungufu kuliko pwani, na maji ya Krebs yaliyopangwa kwa pH 7.4 yanaelekea 7.48. Oksijeni bado inatosha sana; kinachohama ni pH. Hilo ni jambo dogo linalorekebishwa kwa kupunguza bikaboneti kidogo na kupima pH ndani ya chombo chenyewe kikiwa nyuzi 37. Tatizo kubwa ni pale mtungi wa gesi unapokosekana na watu wakapuliza hewa ya kawaida kwa pampu ya samaki. Kaboni dioksidi inatoroka, pH inapita 8, kalsiamu inashikana na kaboneti na fosfeti, na maji yanakuwa na ukungu mweupe. Misuli iliyonyimwa kalsiamu haiwezi kukupa jibu la kweli. Ukilazimika kutumia hewa, badilisha maji: tumia yale yanayoshikilia pH kwa HEPES, kemikali isiyotegemea kaboni dioksidi.

Dalili: thromboksani iko juu kwa wanyama wote

Thromboksani A2 yenyewe hupungua kwa nusu kila sekunde 30 hivi ndani ya maji kwa joto la mwili, kwa hiyo tunapima mabaki yake yaliyotulia, thromboksani B2. Ikiwa namba ni kubwa kwa kila mnyama, wa kulinganishia na wa jaribio, karibu daima ulichopima ni damu iliyoganda. Chembe sahani hutengeneza thromboksani kwa wingi wakati damu inaganda kwenye neli, na kiasi hicho hufunika kabisa kile kilichotoka mapafuni. Chukua damu kwa sindano isiyotikisa mshipa, ndani ya neli yenye EDTA (kizuizi cha kuganda kwa damu) na indometasini iliyokwisha kuwekwa, iingie barafuni papo hapo, na izungushwe kwenye mashine ya kutenganisha bila kungoja foleni. Maji ya kuoshea mapafu yenye rangi ya waridi yasipimwe thromboksani.

Dalili: chupa ileile, wiki tofauti, majibu tofauti

Asidi arakidoniki inaharibiwa na oksijeni, nazo lukotrini zinaharibiwa na mwanga, asidi na joto. Umeme ukikatika usiku, friza inapanda joto na kushuka tena bila mtu kujua, isipokuwa umeweka kipimajoto kinachokumbuka kiwango cha juu. Gawa kemikali katika vichupa vidogo vya matumizi ya mara moja, juu yake upulize naitrojeni, uvifunge karatasi ya alumini. Kundi la kulinganishia lipewe etanoli ileile iliyoyeyushia dawa, kwa kiasi kilekile. Ndani ya chombo cha trakea, kumbuka pia kwamba tishu hugeuza lukotrini C4 kuwa D4 na kisha E4; asiyeweka kizuizi cha ugeuzaji huo asiandike kwamba amepima C4 peke yake. Na albumini (protini ya damu) ikiwemo ndani ya maji, hushika asidi za mafuta, na dozi unayodhani umeitoa haifiki kwenye misuli.

Chakula cha wanyama kinaingia hapa pia, ingawa wengi hukitafuta mwisho. Majani mabichi yana asidi ya alfa-linoleniki kwa wingi, ilhali mahindi na soya yana asidi linoleiki kwa wingi. Asidi linoleiki ina mazao yake yenyewe, na mojawapo, 13-HODE, limeonekana kuongeza unyeti wa njia za hewa kwa simbilisi na kwa panya. Kwa panya, tena, nyuzinyuzi za chakula zikichachushwa tumboni huzaa asidi fupi kama asetati na propionati, ambazo zimeonekana kupunguza uvimbe wa mzio mapafuni. Kwa hiyo kundi lililonunuliwa Februari likala majani ya mvua, na kundi lililonunuliwa Julai likala pumba za mahindi kwa sababu ya kiangazi, si kundi moja hata kama umri na uzito vinalingana. Gawa kila shehena ya wanyama kati ya makundi yote ya jaribio, andika chakula cha kila wiki, na mafuta yoyote yanayochanganywa kwenye pumba yanuswe na kuonjwa kwanza: yakiwa na ukali wa mafuta yaliyokaa, yamekwisha kuoksidishwa na hayafai kupewa mnyama yeyote wa jaribio hili.